VIJIJI VYA MWAMBAO WA ZIWA NYASA NA AMANA YA DAAWA
(Matini ya muhadhara)

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.



Katika Suratul A'raaf, kuanzia aya ya 163 hadi ya 165, Allah (S.W.) anatusimulia habari za mji uliokuwa kando ya bahari. Watu wake walitahiniwa kwa samaki waliojitokeza siku ya Sabato tu. Wakawapo walioasi, wakawapo waliowakataza, na wakawapo waliohoji kuna faida gani kuwaonya watu wa namna hiyo. Aya zinawataja waliokataza maovu kuwa ndio waliookolewa. Ama waliohoji na kunyamaza, wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya hatima yao. Basi ni nani kati yetu anayeridhika kuwa katika kundi ambalo hatima yake ina khitilafu?

Sisi wa Mbeya na Iringa hupenda kujiita watu wa milimani, tukaamini kwamba mwambao ni wa Kilwa na Tanga. Lakini tunao mwambao wetu. Ukitoka Matema wilayani Kyela kuelekea kusini, Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi majini. Safu hiyo inapanda zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ziwa chini yake lina kina kinachofikia takriban mita 700. Hapana uwanda kati ya mlima na maji, ila pale kijito kilipomwaga mchanga au jabali lilipoacha ghuba ndogo. Hapo ndipo watu walipojenga: Ikombe, Lumbila, Makonde, Lupingu, hadi Manda karibu na mdomo wa mto Ruhuhu. Vijiji vya Ludewa vilikuwa katika Mkoa wa Iringa mpaka ulipoundwa Mkoa wa Njombe mwaka 2012.

Wakisi wa mwambao huo wanaishi kwa usipa, muhogo na udongo. Wanawake wao hufinyanga vyungu kwa mikono, vikasafirishwa kwa mitumbwi hadi mnada wa Lyulilo, na kutoka hapo vikapanda hadi Tukuyu na Mbeya. Huenda chungu kilichopika futari yako kimevuka maji hayo, nawe hujapata kumjua aliyekifinyanga.

Sasa tuseme kweli, kwani Uislamu unatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu. Miongoni mwa waliolifikisha jina la Uislamu katika ziwa hili katika karne ya 19 walikuwamo wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Kutoka Nkhotakota mateka walivushwa ziwa, wakaswagwa kuelekea Kilwa. Huko Karonga, mwaka 1887, watu wa Mlozi waliwaua Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa. Mlozi alinyongwa na Waingereza mwaka 1895. Tusijifiche nyuma ya dhulma za wakoloni ili kuifunika dhulma hii. Aliyemuuza mtu huru ametajwa na Mtume (S.A.W.) miongoni mwa watu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama.

Wamisionari wa Kijerumani nao walifika kaskazini mwa ziwa mwaka 1891. Wakajifunza lugha za wenyeji, wakajenga shule na zahanati. Serikali yao ikaweka kituo cha Langenburg kwenye ghuba ya Lumbila, kabla ya kuhamia Tukuyu. Je, tustaajabu kwamba mioyo ilielekea huko?

Ndugu zangu, kosa letu la leo si la Mlozi. Ni la walionyamaza. Daawa yetu hufika pale basi linapogeuzia. Tunaongeza msikiti wa tatu katika mtaa wenye miwili, na tunabishana kwa vipaza sauti, ilhali Muislamu mmoja mmoja katika vijiji vile hana wa kumfundisha Al-Fatiha wala wa kumkafini maiti wake. Tukiulizwa, tunasema njia ni ngumu. Ni kweli upepo wa kusini huchafua ziwa. Lakini tangu mwaka 2021 meli ya MV Mbeya II imeanza kuhudumia ziwa hilo, na mfinyanzi wa Ikombe hakungoja meli ili atufikishie chungu.

Mtume (S.A.W.) alipowatuma Muadh na Abu Musa Yemen, aliwausia kurahisisha na wasifanye mambo kuwa magumu. Basi kila msikiti uteue mwalimu mmoja, umgharimie nauli na chakula, aende akae, si kupita. Aanze kwa kusalimia na kusikiliza, ajue lugha yao, aulize habari za maji na shule kabla ya kuuliza kiwanja. Wala asiione aibu kukiri yaliyotendwa kwa jina letu.

Tunamuomba Allah (S.W.) asituhesabu pamoja na walionyamaza. Wabillahi tawfiiq.