Sarafu Ardhini, Neno Kinywani: Rupia, Hela na Empiya katika Ardhi ya Karagwe



Huko Uingereza wapo watu ambao siku zao za mapumziko huzimaliza mashambani na katika bustani za umma, wakitembea polepole huku wameshika kijiti chenye duara mwishoni, masikio yao yakingojea mlio. Chombo hicho, ambacho katika mhadhara huu kitaitwa kitambua metali, hupitisha umeme katika koili, umeme ukazaa uga wa sumaku unaopenya udongo, na kipande chochote cha metali kilichomo huuvuruga uga huo. Hapo chombo hulia na mwenye chombo huchimba. Mara nyingi hupata msumari au kifuniko cha chupa. Mara mojamoja hupata sarafu ya mfalme aliyesahauliwa. Nchi hiyo ina sheria ya mwaka 1996 inayomlazimu mwenye kupata hazina kuitolea taarifa, na tangu 1997 umekuwapo mpango wa kuandikisha kwa hiari vitu vidogo vinavyookotwa.

Kihanga, wilayani Karagwe, haina bustani ya namna hiyo. Ardhi ya wote huko, kama kwingineko mkoani Kagera, ni uwanja wa shule, gulio na kando ya barabara. Na anayeokota sarafu ya kale ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuiokota kwa jembe, akipalilia migomba au akichimba shimo la mche wa kahawa. Hata hivyo, fikra ya kwamba ardhini kuna utajiri wa kutafutwa si ngeni. Kiswahili kina neno lake: dafina, lililotokana na Kiarabu, yaani mali iliyofukiwa. Tena katika sehemu nyingi za Tanzania husimuliwa kwamba Wajerumani, walipokuwa wakikimbia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walifukia dhahabu na rupia zao, wakaacha alama juu ya mawe na miti. Kwa sababu ya masimulizi hayo watu wamechimba misingi ya maboma na hata makaburi. Wako pia waliopoteza fedha halali kwa matapeli wanaouza rupia "zenye nguvu", ambazo eti tajiri fulani wa mbali yuko tayari kuzinunua kwa mamilioni. Rupia ya kawaida ya Mjerumani ni sarafu ya fedha yenye thamani ya kawaida tu kwa wakusanyaji. Nguvu haina.

Swali la mhadhara huu ni la kiisimu. Mtu anayetaka kujua historia ya pesa katika nchi kama Karagwe, ategemee chombo kinacholia au maneno yanayotamkwa? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba maneno yamehifadhi mengi zaidi, na kwamba uchimbaji holela huharibu ushahidi ule ule ambao ungeyapima maneno hayo na kuyasahihisha.

Kwanza chombo chenyewe. Katika ardhi ya Kagera kitambua metali kitalia kila mahali, maana watu wa huko walikuwa wafua chuma kwa karne nyingi sana. Utafiti wa Peter Schmidt katika Buhaya, kando ya Ziwa Nyanza, ulifukua matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa takriban miaka 2,000, na mavi ya chuma bado yametapakaa katika mashamba. Karagwe yenyewe ilisifika kwa vifaa vya kifalme vya chuma vilivyotunzwa Bweranyange, wakiwemo ng'ombe waliofuliwa kwa ustadi mkubwa. Ng'ambo ya mto Kagera, kuelekea Mutukula, ardhi imemeza pia vyuma vya vita vya 1978 na 1979, na huko mlio wa chombo unaweza kumwita mchimbaji kwenye kitu kinacholipuka.

Lakini kasoro kubwa zaidi ni kile ambacho chombo hakiwezi kukisikia kabisa. Speke na Grant walipofika kwa Omukama Rumanyika mwezi Novemba 1861, walikuwa wamebeba shanga, nguo na nyaya. Hawakubeba mfuko wa sarafu. Huko Kafuro, si mbali na ikulu, wafanyabiashara wa kutoka pwani walikuwa wamejenga kituo chao. Miongoni mwa vitu vilivyopita katika njia hizo za biashara ni simbi, yaani kauri, makombe madogo ya Bahari ya Hindi yaliyotungwa katika nyuzi na kuhesabiwa. Katika Kiganda neno ensimbi, ambalo kwa asili ni kauri hizo, hadi leo ndilo neno la kawaida la pesa, ingawa ni miaka zaidi ya mia moja tangu kauri ikome kupokelewa sokoni. Kitambua metali kikipitishwa juu ya kapu zima la simbi kitanyamaza kimya. Neno halikunyamaza.

Baada ya simbi ikaja rupia, na hapa ndipo penye utamu kwa mwanaisimu. Rupia ilikuwa sarafu ya Kihindi iliyoenea pwani yote katika karne ya 19. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia zake mwaka 1890, zikiwa na sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya vita, pamoja na pesa za shaba ambazo upande mmoja ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, maana Mjerumani alijua ni hati gani iliyosomwa na wateja wake. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Kiswahili kililipokea neno rupia bila taabu, kikaliweka katika ngeli ya I-/ZI-, ambamo umoja na wingi havina tofauti ya umbo: rupia hii, rupia hizi.

Lugha za bara upande wa magharibi ya Ziwa zilisikia jambo jingine. Katika lugha hizo silabi ru- (au lu-, kama ilivyo katika Kiganda) ni kiambishi cha ngeli ya 11, ambayo wingi wake hupatikana katika ngeli ya 10. Mzungumzaji asemaye orukwi kwa ukuni mmoja na enkwi kwa kuni nyingi, aliposikia rupia, hakusikia shina geni la silabi tatu. Alisikia kiambishi ru- na shina -pia. Akatenda kama sarufi yake ilivyomfundisha: Kiganda kikapata olupiiya katika umoja na empiiya katika wingi, Kihaya kikapata empiya, Kinyankore kikapata empiiha. Msamiati wa sokoni wa Kihindi ukavalishwa vazi la kuni. Kiswahili hakikuweza kufanya hivyo kwa sababu kiambishi chake cha ngeli hiyo kimebaki u- tu, kama katika ukuni na kuni. Ru- haikumkumbusha Mswahili chochote.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba umbo lililoshinda ni la wingi. Empiya si rupia kadhaa tena. Ni pesa kwa jumla, hata kama ni noti au ni tarakimu katika simu ya mkononi. Mabadiliko hayo ya maana hayawezekani pasipo watu wengi kuhesabu sarafu hizo mara nyingi: kulipa kodi, kuuza kahawa, kulipa mahari. Mwanaisimu anayejua sheria za ngeli husoma hapo kwamba rupia iliingia kinywani mwa watu wa kawaida na kukaa. Sarafu moja iliyofukuliwa Kihanga isingeweza kuthibitisha hivyo. Huenda ilidondoka mfukoni mwa mpita njia.

Neno hela lina ushuhuda wa aina nyingine. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliacha hesabu ya pesa 64, ikagawa rupia katika Heller 100. Sarafu hizo, baadhi zikiwa na tundu katikati, zilikoma kutumika baada ya utawala wa Kijerumani kuondoka. Shilingi ya Afrika Mashariki ilishika nafasi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Lakini Mtanzania bado anasema "sina hela", na Mrundi anasema amahera. Mkenya anaelewa neno hilo, ila lake la kila siku ni pesa. Ukichora kwenye ramani mstari wa mahali ambapo neno hela lina mizizi, utakuwa umeukaribia sana mpaka wa koloni la Mjerumani uliofutwa zaidi ya karne moja iliyopita. Hakuna mashine iliyotembezwa katika bustani yoyote iliyochora ramani kama hiyo.

Na thumuni? Vijana wengi waliomo katika ukumbi wa leo hawalijui, na waliolisikia hudhani ni jina tu la senti 50. Maana yake kwa Kiarabu ni sehemu ya nane. Nane ya nini? Si ya shilingi, kwa kuwa senti 50 ni nusu ya shilingi. Ni nane ya riale, ile sarafu kubwa ya fedha ya Maria Theresa, iliyokadiriwa kuwa kama shilingi nne. Gawa nne kwa nane, utapata nusu. Kwa hiyo ndani ya jina la sarafu ya Kiingereza ilikuwa imefichwa hesabu ya sarafu ya Austria kwa tarakimu ya Kiarabu. Inafaa kuongeza kwamba riale hiyo iliendelea kutengenezwa kwa karne mbili ikiwa na mwaka ule ule, 1780. Mchimbaji anayeisoma tarehe iliyo juu yake na kudhani amepata kitu cha karne ya 18 amedanganywa na sarafu yenyewe.

Hapa pingamizi moja lastahili kusikilizwa. Atasema mwanaakiolojia kwamba maneno nayo hudanganya: husafiri bila vitu, na huenda neno empiya lilifika mahali kabla ya rupia yenyewe. Pingamizi hilo ni la haki, na ndiyo sababu sarafu iliyo ardhini inahitajika, ila iwe bado katika tabaka lake. Linganisha mifano miwili ya pwani. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa katika mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya nchi yake. Tano kati yake zikaja kutambuliwa kuwa za masultani wa Kilwa. Ni habari ya kusisimua, na waandishi wamejenga juu yake safari za mabaharia kuvuka bahari nzima. Lakini kwa kuwa hazikufukuliwa katika tabaka linalojulikana, namna zilivyofika huko ni jambo la kubishaniwa hadi leo. Kwa upande mwingine, mwaka 1984 Mark Horton alifukua Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, nyingi zikiwa ndogo mno, pamoja na dinari chache za dhahabu za Kifatimi. Kwa kuwa zilikuwa pamoja, mahali pamoja, dinari zilizojulikana umri wake zilisaidia kukadiria umri wa zile za fedha, zilizobeba majina ya watawala wa papo hapo. Sarafu za Mtambwe ni kama sentensi. Zile za Marchinbar ni maneno yaliyokatwa kutoka katika ukurasa na kutupwa upepo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inakataza kuchimbua mabaki ya kale pasipo leseni. Lakini kwa kigezo chake cha umri, kitu kilichotengenezwa na binadamu huhesabiwa kuwa cha kale kikiwa ni cha kabla ya mwaka 1863. Kwa kigezo hicho pekee, rupia ya 1890 na hela ya 1904 hubaki nje ya mlango. Kadhalika sarafu mashuhuri ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya Sekenke wakati Wajerumani walipokatiwa njia ya bahari; zipatazo 16,000 tu zilitengenezwa, na hiyo kweli ina bei kubwa. Kwa mwanahistoria wa lugha, kipindi kilichoachwa nje na mwaka huo 1863 ndicho kipindi ambamo maneno ya pesa ya nusu ya nchi yalizaliwa. Mwaka huo ungefaa kuangaliwa upya.

Kwa wanafunzi, kazi iko wazi na haihitaji mashine. Josephat Rugemalira amekwisha kuiwekea Kinyambo kamusi na sarufi, msingi upo. Kinachobaki ni kukaa na wazee wa Kihanga, Bweranyange, Kyerwa na kwingineko, na kuandika majina ya kila sarafu waliyoishika wao na wazazi wao, thamani yake, kitu ilichonunua, na ngeli yake. Na mkulima akija na kipande cha fedha alichokigonga kwa jembe, aulizwe mambo manne kabla ya kuulizwa bei: alikipata mahali gani, kwa kina gani, kilikuwa pamoja na nini, na bibi yake angekiitaje kama ni kimoja tu.