Dawa za TB: Kwa Nini Miezi Sita?

(Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya Swala ya Alasiri, Buruburu)



Shukrani zote zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, ndugu zangu na wazazi wangu, sitawachosha. Najua mmefunga na kina mama wanafikiria futari. Nataka tuzungumze juu ya kifua kikuu, yaani TB.

Ramadhani moja kijana wa mtaa wetu alikuwa anameza dawa za TB. Mwezi wa pili kikohozi kikaisha, mwili ukarudi. Akasema, "Mimi niko sawa, ya nini kumeza dawa na wenzangu wamefunga?" Akaziacha kimya kimya, hata mamake hakujua. Haikufika Mfungo Tatu, kikohozi kikarudi, safari hii na damu. Akaanza upya. Alhamdulillahi alipona, lakini siku zote hizo alikuwa akilala chumba kimoja na wadogo zake.

Tusimcheke. Swali lake lilikuwa la haki: ikiwa nafuu imekuja kwa miezi miwili, hiyo minne mingine ni ya nini? Nani aliamua iwe sita?

Jibu lilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Zamani mgonjwa wa TB alitibiwa mwaka mmoja na nusu, sindano mwanzoni, kisha vidonge. Wengi walichoka njiani. Mwaka 1970 madaktari wa kwetu, pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, walianza kupima kama miezi sita ingetosha. Wagonjwa waligawanywa mafungu kama kupiga kura, si kwa kujuana. Kwa nini kura? Kwa sababu daktari akichagua mwenyewe, huenda dawa mpya akawapa wale wenye nguvu, halafu tukadhani ni dawa iliyowaponya.

Mafungu ya miezi sita yote yalipata streptomycin na isoniazid. Fungu moja likaongezewa rifampicin, jingine pyrazinamide. Fungu jingine likabaki na zile dawa mbili tu. Na lilikuwepo fungu la miezi 18 la kulinganishia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Sasa sikilizeni vizuri. Baada ya kumaliza dawa, waliotumia zile mbili peke yake ugonjwa uliwarudia watu 29 katika kila 100. Walioongezewa pyrazinamide, 8. Walioongezewa rifampicin, 3 tu, sawa na wale wa miezi 18!

Hawa waliorudiwa na ugonjwa nao walikuwa wamejiona wamepona. Vijidudu vingine hulala ndani ya mapafu, havikohoshi mtu, vinangoja. Kupata nafuu si kupona. Ndiyo maana leo matibabu ya kawaida ni dawa nne kwa miezi miwili, kisha rifampicin na isoniazid kwa miezi minne. Wagonjwa wa Afrika Mashariki walikubali kupimwa, na sisi tukapunguziwa mwaka mzima wa dawa.

Na kazi haijaisha. Utafiti uliofanywa Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa watoto wenye TB isiyo kali wanaweza kutibiwa kwa miezi minne badala ya sita.

Basi tufanye nini? Kwanza, ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda ukapimwe makohozi. Usijitibu kwa dawa za duka. Matibabu ya TB katika hospitali za serikali ni bure. Pili, mkojo ukiwa mwekundu usishtuke ukaacha dawa: ni rangi ya rifampicin. Tatu, mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku zake baadaye, Suratul Baqara imelieleza jambo hilo. Dawa hizi kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, kwa hivyo muulize daktari kama unaweza kufunga na umeze saa ngapi, na umuulize sheikh kuhusu kulipa. Usiamue peke yako.

Nne, ukiombwa kujiunga na utafiti, usikimbie wala usitie sahihi kwa haya. Uliza: dawa gani, madhara gani, nikitaka kutoka je? Ni haki yako kuelezwa, kukataa, na kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu.

Na mgonjwa tusimtenge. Tukimnyanyapaa ataficha dawa, na akizificha ataziacha. Mpelekee futari, umuulize kwa upole: "Leo umemeza?"

Allah awaponye wagonjwa wetu na azikubali saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.