Tarakimu za Wadi Zisinakiliwe Tena kwa Mkono

Hotuba ya afisa wa teknolojia ya habari na mawasiliano wa kaunti kwa wasimamizi wa wadi, katika warsha ya maandalizi ya mikutano ya bajeti



Nimeombwa nieleze jinsi kompyuta inavyoweza kututengenezea slaidi za mikutano ya wananchi bila mtu kukesha akinakili tarakimu. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Msimu mmoja wa bajeti nilikuwa miongoni mwa walioandaa slaidi hizo. Tulifanya kama wengi wanavyofanya. Tulichukua slaidi za wadi tuliyoimaliza, tukabadilisha jina la wadi pale juu, kisha tukaanza kufuta na kuandika upya. Kufikia saa nane usiku macho yalikuwa hayaoni tena. Kesho yake, katika wadi ambayo sitaitaja, ukutani kukatokea fedha za kukarabati zahanati. Wananchi wakapiga makofi. Mama mmoja akasimama akauliza kazi itaanza lini, maana wajawazito wa kijiji chake hubebwa kwa bodaboda hadi wadi jirani. Msimamizi akafungua kitabu cha makadirio, akapekua, hakuiona. Zahanati ile ilikuwa ya wadi tuliyoinakili. Ikabidi tuwaambie watu waliokwisha kupiga makofi kwamba fedha hizo si zao. Baada ya hapo hakuna aliyetuamini, hata tuliposema ya kweli kuhusu barabara na maji.

Kosa lile halikutokana na uvivu. Pigeni hesabu. Tuseme kaunti ina wadi 20 na kila wadi inahitaji slaidi 12. Hizo ni slaidi 240. Kila slaidi ikibeba tarakimu sita tu, mtu mmoja anapitisha tarakimu 1,440 mikononi mwake. Na mnajua wenyewe kwamba makadirio hubadilika siku mbili kabla ya mkutano, na kazi yote huanza upya. Ibara ya 201 ya Katiba inataka uwazi, uwajibikaji na ushirikishaji wa umma katika masuala ya fedha. Mwananchi aliyeonyeshwa tarakimu za wadi nyingine hajashirikishwa, hata kama ametia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio.

Sasa tuiangalie faili yenyewe. Tangu Microsoft walipotoa Office 2007, faili ya PowerPoint yenye jina linaloishia kwa pptx ni kifurushi cha zip. Mkirudi ofisini, tengenezeni nakala ya faili moja, badilisheni mwisho wa jina uwe zip, kisha mfungue. Mtaona folda iitwayo ppt, ndani yake folda ya slides, na humo slide1.xml, slide2.xml na kuendelea. Ni maandishi ya kawaida yaliyozungushiwa alama. Muundo huo umechapishwa wazi, kwa hiyo programu nyingine yoyote inaweza kuuandika.

Sisi tunatumia lugha ya Python pamoja na maktaba iitwayo python-pptx. Maktaba hapa maana yake ni mkusanyo wa maagizo ambayo mtu mwingine amekwisha kuyaandika, nasi tunayaita tu. Zote mbili hazilipiwi, na zikishawekwa kwenye kompyuta hazihitaji intaneti. Anayesafiri na gari la kaunti hadi mahali pasipo na mtandao anaweza kuunda slaidi zake akiwa njiani.

Vitu vinavyohitajika ni viwili. Cha kwanza ni kiolezo, yaani faili ya PowerPoint isiyo na habari, yenye nembo ya kaunti, rangi zetu, na nafasi zilizotengwa za kichwa, jedwali na chati. Cha pili ni jedwali moja la Excel, mstari mmoja kwa kila mradi: jina la wadi, jina la mradi, kijiji, fedha zilizotengwa, fedha zilizotumika, hali ya kazi, na ukurasa wa kitabu cha makadirio unakotoka. Programu inasoma jedwali, inakusanya mistari ya kila wadi, inafungua kiolezo, inaongeza slaidi, inajaza nafasi zile, kisha inahifadhi faili kwa jina la wadi. Halafu inarudia kwa wadi inayofuata. Chati inayotokea ni chati halisi ya PowerPoint, unaweza kuibofya na kuona tarakimu zilizo nyuma yake. Kazi nzima ni mistari michache ya maagizo, na kijana wetu wa mafunzo ya nyanjani anaweza kuielewa. Makadirio yakibadilika, tunarekebisha jedwali na kuendesha programu tena.

Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Mashine hunakili makosa kwa utiifu uleule inaonakili ukweli, na kwa kasi zaidi.

Katika majaribio, wadi moja ilipata faili mbili. Tulipotazama, mtu alikuwa ameandika jina la wadi kisha akabonyeza nafasi tupu mwishoni, na kwa kompyuta hilo likawa jina jingine. Kwingine seli ilikuwa tupu, na programu ikaandika neno None mahali pa kiasi cha fedha. Hebu fikirieni mzee anauliza hiyo None ni shilingi ngapi. Tena, fedha zilitoka kama 4500000, bila mkato, mpaka tulipoagiza ziandikwe 4,500,000. Mnaweza kudhani ni jambo dogo, lakini aliyeketi nyuma ya ukumbi hana muda wa kuhesabu sufuri. Na majina marefu ya miradi, yale yanayoanza na "ujenzi, ukarabati na uwekaji vifaa", humwagika nje ya kisanduku, kwa sababu programu huandika maneno bila kuona slaidi itakavyoonekana. Dawa yake ni kufupisha jina kwenye jedwali, jambo ambalo lingetusaidia hata bila kompyuta.

Kwa hiyo tumeweka kizuizi. Afisa wa bajeti, ambaye si yule aliyejaza jedwali, anaandika kando jumla ya kila wadi kutoka kitabu cha makadirio. Kabla ya kuunda slaidi hata moja, programu inajumlisha miradi ya kila wadi na kulinganisha. Isipolingana, inasimama na kutaja wadi yenye tatizo. Mtaniuliza kwa nini tusilinganishe jumla ya kaunti nzima, kazi ikawa nyepesi. Ni kwa sababu ya zahanati ile. Mradi ukihamia wadi isiyo yake, jumla ya kaunti haibadiliki hata senti.

Chini ya kila slaidi kuna tarehe ya takwimu na nambari ya ukurasa wa makadirio. Mwananchi akiwa na shaka anaitisha kitabu na kufungua ukurasa huo mbele ya wote. Maneno ya vichwa yako kwenye jedwali lake pekee, hivyo tarakimu zilezile zinatoa slaidi za Kiswahili na za Kiingereza. Na kwa kuwa kuna kumbi zisizo na umeme, programu inageuza kila faili kuwa PDF kwa kutumia LibreOffice, tuichapishe na kuibandika nje ya ofisi ya wadi wiki moja kabla.

Idara moja imeniuliza kama tunaweza kuweka pia majina ya wanafunzi waliopata basari. Kuweza tunaweza, ni safu moja zaidi kwenye jedwali. Jibu langu ni hapana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na umaskini wa mtoto si wa kuangaziwa ukutani. Tutaonyesha idadi na jumla ya fedha.

Kuna kazi ambayo programu haitaifanya. Haijui kwamba kisima kilichoandikwa "kimekamilika" hakina pampu. Hilo analijua msimamizi wa wadi aliyepita pale Jumanne. Ndiyo maana hakuna faili itakayotoka kwenda mkutanoni kabla msimamizi wa wadi husika hajaisoma slaidi kwa slaidi na kutia sahihi kwenye nakala iliyochapishwa. Ukiona kosa, usilirekebishe kwenye slaidi. Likirekebishwa hapo litarudi tutakapoendesha programu tena. Tuambie, tulirekebishe kwenye jedwali.

Faili za majaribio za wadi zenu ziko kwenye kompyuta ile iliyo karibu na mlango. Kila mmoja achukue ya wadi yake kabla ya chai, aisome akiwa na kitabu cha makadirio mkononi, kisha aniletee makosa aliyoyaona.