Chenji ya Elfu Mbili

  Msikilizaji, kama hapo nyumbani kuna mtoto wa shule, mwite akae karibu na redio, aje na daftari lake la hisabati. Leo tunazungumzia yale yanayopita kichwani mwa mtoto kabla hajaandika jibu.

Tuanzie hapa hapa Mbuba, wilayani Ngara, siku ya gulio. Mfikirie binti wa darasa la nne aliyetumwa na mama yake kuuza maparachichi. Parachichi moja ni shilingi 300. Mteja anachagua manne, anatoa noti ya 2,000. Binti hatafuti kalamu. Anasema, "Mawili mia sita, manne elfu moja na mia mbili." Kisha anahesabu kwa kupanda: kutoka elfu moja na mia mbili mpaka elfu mbili ni mia nane. Anampa mteja shilingi 800, wanaagana.

Kesho yake, darasani, anakuta ubaoni hesabu hii: 2,000 kutoa 1,200. Binti yule yule anapanga tarakimu vizuri, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi. Anaanzia kulia. Sifuri toa sifuri, sifuri. Sifuri toa sifuri, sifuri. Kwenye mamia anakuta sifuri juu na mbili chini. Anaandika mbili. Kwenye maelfu, mbili toa moja, moja. Jibu lake: 1,200. Mwalimu anamwekea kosa. Lau angetoa chenji hiyo gulioni, mama yake angepata hasara ya shilingi 400.

Sasa nikuulize, msikilizaji: binti huyu anajua hisabati au hajui?

Swali hili limewashughulisha watafiti kwa miaka mingi. Mwaka 1985, watafiti watatu waliokuwa wakifanya kazi Brazil, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti walioufanya katika mji wa Recife. Walikwenda sokoni na mitaani kama wateja wa kawaida, wakanunua bidhaa kwa watoto wachuuzi. Watoto walikuwa watano, wa umri wa miaka 9 hadi 15. Wakiwa kwenye biashara yao, walipata sawa maswali 98 katika kila 100. Baadaye watafiti wakawaletea hesabu za aina ile ile kwa karatasi na kalamu, tarakimu tupu, bila bidhaa wala mteja. Safari hii walipata 37 katika kila 100.

Mmoja wao, mwenye miaka 12, aliulizwa bei ya nazi 4 za cruzeiro 35, fedha ya Brazil ya wakati huo. Akajibu kwa kichwa: tatu ni 105, ongeza ya nne, jumla 140. Alipopewa 35 mara 4 aandike, alianza na nne mara tano, ishirini, akaweka sifuri na kubeba mbili. Kisha akaijumlisha ile mbili na tatu kabla ya kuzidisha. Akapata 200. Mtoto ni huyo huyo, na hesabu ni hiyo hiyo. Kilichobadilika ni njia. Ya kwanza ilikuwa yake, anaijua inakotoka na inakokwenda. Ya pili alikabidhiwa, akajaribu kuikumbuka.

Turudi kwa binti yetu. Zile mia mbili alizoandika, je, alibahatisha? Mwaka 1978, Wamarekani John Seely Brown na Richard Burton walichapisha kazi yao juu ya makosa ya watoto katika hesabu za kutoa. Sehemu ya majibu waliyoyachambua ilitoka Nikaragua, kwenye mradi uliofundisha hisabati kwa redio, kama tunavyozungumza wewe na mimi jioni hii. Walichokikuta ni hiki: makosa mengi ya watoto yana utaratibu. Mtoto hufuata kanuni, tena kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe imepinda mahali fulani. Na mojawapo ya kanuni zinazojitokeza sana ni ile ya binti yetu: kutoa tarakimu ndogo katika kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini.

Kanuni hiyo aliipata wapi? Pengine kwetu sisi wakubwa. Akiwa darasa la kwanza tulimwambia, "Huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo." Alitii. Alipokuta sifuri juu na mbili chini, akageuza ili kubwa iwe mahali pake. Ukimwekea kosa tu na kumwambia ajitahidi, ataendelea kujitahidi katika njia ile ile iliyopinda.

Utasema, "Lakini tuliwafundisha kukopa." Ni kweli. Hebu basi tulitazame neno hilo kwa macho ya mtoto. Kwake, kukopa ni kwenda dukani kuchukua sukari na kurudisha fedha mwisho wa mwezi. Katika hesabu ya kutoa tunamwambia akope kwa jirani, na deni halilipwi kamwe! Mtoto anayefikiri lazima achanganyikiwe.

Jaribu hivi leo usiku. Weka mezani noti mbili za 1,000. Mwambie mtoto, "Nipe elfu moja na mia mbili." Ataona mwenyewe kuwa hana mia mia. Muulize, "Tufanyeje?" Atakujibu, "Tuchenji." Chenji noti moja kwa sarafu kumi za mia. Sasa akupe noti moja iliyobaki, na sarafu mbili. Mkononi mwake zimebaki nane: shilingi 800. Papo hapo, fedha zikiwa bado mezani, mwambie aandike kwenye daftari kile alichokifanya kwa mikono. Ile moja inayokatwa kwenye maelfu ni noti iliyochenjiwa, na zile kumi zinazoingia kwenye mamia ni sarafu. Hakuna aliyekopa, na thamani ya fedha haijabadilika.

Mwaka 1976, Mwingereza Richard Skemp aliandika kwamba kuelewa hisabati kuko kwa namna mbili: kujua kanuni bila sababu zake, na kujua la kufanya pamoja na sababu ya kulifanya. Namna ya kwanza huleta jibu haraka, lakini mtoto akisahau hatua moja, hana pa kushika. Mwenye kujua sababu anaweza kurudi nyuma akaitafuta njia upya. Nchini mwetu Tanzania, katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, aliyefaulu Hisabati alikuwa karibu mtahiniwa mmoja kati ya watano. Siamini kwamba wanne waliobaki hawana akili ya hesabu. Wengi wao wanatoa chenji sahihi kila siku ya gulio.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sana sisi wa Ngara na Biharamulo. Watoto wengi hapa huhesabu kwanza kwa Kihangaza au Kishubi nyumbani, kisha kwa Kiswahili shuleni, na wakifika kidato cha kwanza wanakuta Kiingereza. Kila lugha inapobadilika, kuna mtoto anayenyamaza ingawa wazo analo. Ewe mzazi, ewe mwalimu, mwache kwanza alieleze wazo lake kwa lugha inayomtoka vizuri. Maneno mapya yatapata mahali pa kukaa.

Basi ombi langu ni moja. Mtoto akikuletea daftari lenye kosa, usianze na fimbo, wala usianze na jibu. Muulize, "Umefikaje hapo?" Kisha nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Na akikupatia jibu sahihi, muulize swali hilo hilo, ili asidhani kwamba huulizwa aliyekosea tu.

Binti yetu wa maparachichi angeulizwa swali hilo akiwa mbele ya ubao, kisha akaulizwa, "Na gulioni ungetoa chenji ngapi?", angeona mwenyewe kwamba majibu yake mawili hayapatani. Kuanzia hapo, mwalimu ana pa kuanzia, na mtoto pia.

 Noti zako mbili ziko mezani, na mtoto yuko karibu nawe.