Kipimo cha Haraka cha Kaswende na Sindano Inayocheleweshwa: Mada kwa Wasimamizi wa Kliniki za Wajawazito

Ndugu Mwenyekiti, na ninyi waheshimiwa waganga, wakunga na wataalamu wa maabara, nimetakiwa nizungumzie vipimo vya haraka vya maradhi ya zinaa katika zahanati zenye uhaba wa nyenzo, wala sina haja ya kuwachosha kwa fasili za kaswende, kisonono, klamidia na trikomona, ambazo kila aliyemo humu alizisoma chuoni. Yatosha kukumbusha kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizo mapya milioni 374 ya maradhi hayo manne kwa mwaka 2020, na kwamba yote manne yana tiba. Kisonono na klamidia tungali tukizitibu kwa kufuata dalili, kwa kuwa vipimo vyake vya kutegemewa aghalabu vyahitaji mashine na umeme, na mwanamke asiye na dalili hubaki nje ya utaratibu huo. Hilo naliacha hapo, maana ufumbuzi wake haumo mikononi mwetu. Wa kaswende umo.

Mkoa wa Mwanza wastahili kutajwa kwanza, kwa sababu ndiko lilikofanyika, baina ya 1991 na 1994, jaribio lililodhihirisha kwamba kuboresha matibabu ya maradhi ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati za kawaida kulipunguza maambukizo mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Na ndiko ilikobainika, katika utafiti uliochapishwa 2002, kwamba miongoni mwa wajawazito wenye kaswende ya kiwango kikubwa katika damu ambayo haikutibiwa, robo ya mimba ziliishia kwa mtoto kuzaliwa mfu. Tiba ya kumwokoa mtoto huyo ni penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, dozi moja kwa kaswende ya awali, wala hakuna dawa ya kumeza iliyothibitika kumfikia mtoto tumboni na kumponya.

Kipimo chenyewe mwakijua: tone la damu ya kidole, jibu kwa dakika 15 hadi 20, bila ya friji wala umeme, na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani lapendekeza kile kinachopima VVU na kaswende kwa pamoja kiwe cha kwanza kwa wajawazito. Kina upungufu mmoja, kwamba aliyepona kaswende zamani bado huonyesha kuwa nayo. Lakini kwa mjamzito asiye na ushahidi wa tiba, sindano ya ziada si kitu mbele ya hatari ya kumpoteza mtoto.

Sasa nifikie jambo ambalo nimelishughulikia miaka mingi. Jibu lapatikana kwa dakika 20, ilhali mama aondoka bila sindano. Katika zahanati moja nisiyopenda kuitaja nilifunuliwa rejista ambamo matokeo ya kaswende yalikuwa yameandikwa kwa wino mwekundu, tena kwa hati nzuri, na safu ya matibabu ubavuni mwake ilikuwa tupu ukurasa mzima. Mkunga hakuwa mzembe. Vitendanishi vilimjia kwa njia ya mpango wa VVU, na penisilini ilipaswa kuja kwa maombi mengine, katika robo nyingine ya mwaka. Cha kwanza kilifika, cha pili hakikufika. Kwingineko dawa ipo, lakini damu hupelekwa maabara na majibu hurudi wakati chumba cha sindano kimekwisha kufungwa; au muuguzi achelea mzio mkali wa penisilini, naye hana adrenalini, basi humwandikia mama rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya asikokuwa na nauli ya kufikia; au, na hili hunitia uchungu kuliko yote, mama huambiwa arudi na mumewe ndipo watibiwe pamoja.

Mama huyo hupewa tarehe ya wiki nne mbele. Nasi twajua kwamba sindano haihesabiwi kumkinga mtoto sawasawa isipotangulia kujifungua kwa siku 30 au zaidi. Aliyeanza kliniki katika mwezi wa nane, na wengi huanza kwa kuchelewa, kucheleweshwa wiki nne ni sawa na kunyimwa dawa. Sisemi haya kwa kuilaumu mamlaka yoyote, kwani miongozo ipo. Taksiri i katika mpango wa kazi wa kila siku, nao huo twaweza kuubadili.

Hivyo napendekeza kipimo kifanywe mezani pa mkunga, na mkunga huyo huyo achome sindano kabla mama hajainuka kwenda. Vitendanishi na penisilini viagizwe kwa fomu moja na kuhesabiwa pamoja, na zahanati iliyoishiwa penisilini itangazwe wilayani kuwa imeishiwa kipimo. Uhaba wa dawa hii ulioikumba dunia miaka ya 2014 hadi 2016 utuzindue tuweke akiba. Adrenalini iwepo katika kila chumba cha sindano, na wauguzi wazoezwe kuitumia, ili hofu isiwe sababu ya rufaa. Mume atafutwe na atibiwe, kwa siri na kwa heshima, lakini mkewe asimngojee asilani. Wasimamizi wakague pia muda wa kusomwa kipimo na tarehe ya kuisha kwake. Katika rejista, tarehe ya sindano iandikwe kando ya tarehe ya kipimo, na ripoti za wilaya zihesabu kina mama waliochomwa sindano siku ile ile, si waliopimwa tu. Narudia kwa makusudi: siku ile ile.

Ndugu Mwenyekiti, naomba azimio la kwanza la semina hii liwe hilo la fomu moja, na kila mganga mkuu wa wilaya aliyepo alitie saini kabla hatujaagana.