Mazao Yakitoka, Thamani Ibaki: Ujasiriamali kwa Wakazi wa Runyenjes

Haya ni maandishi kamili ya mazungumzo kuhusu ujasiriamali, yaliyoandaliwa kwa vikundi vya vijana, akina mama na wakulima wa Runyenjes, Kaunti ya Embu.



Kuna hesabu moja ambayo kila boma hapa linaijua, hata kama haijaandikwa popote. Shamba ambalo babu alilima kahawa au chai na kusomesha watoto wake liligawanywa kwa wana. Wana nao wamepata watoto, na watoto hao sasa ni vijana. Likigawanywa tena, kila mmoja atabaki na kipande cha kujengea nyumba na kupanda sukuma wiki. Ardhi haizai ardhi nyingine. Wakati huohuo, kila mwaka vijana wanamaliza shule na vyuo, na nafasi za kuajiriwa hazitoshi wote.

Ndiyo maana suala la ujasiriamali si la semina tu. Ni suala la iwapo kijana wa Kagaari au Kyeni ataweza kuishi na kulea familia hapa nyumbani, au atapanda matatu kwenda kutafuta kibarua mjini.

Mjasiriamali ni nani?

Si kila mwenye kibanda ni mjasiriamali. Mtu mmoja akifungua duka la M-Pesa likaenda vizuri, wanne hufungua la aina hiyohiyo kando yake, na baada ya miezi michache wote watano wanagawana wateja walewale. Pikipiki za bodaboda ni hivyo hivyo, na vinyozi ni hivyo hivyo. Kazi hizo ni halali na zinalisha watu, lakini anayeiga jirani yake bila kuongeza lolote hajaleta kitu kipya sokoni.

Mjasiriamali hufanya mambo matatu. Anaona haja ambayo haijatimizwa. Anakubali kuweka fedha zake, muda wake na jina lake hatarini ili kuitimiza. Kisha anapima, kwa kalamu na karatasi, kama kazi hiyo inalipa. Anayeacha jambo hilo la tatu huitwa jasiri, lakini mali haitamkalia.

Ujasiri huu si mgeni katika eneo hili

Katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilianza kuruhusu Waafrika wachache wa Meru, Embu na Kisii walime kahawa. Kabla ya hapo zao hilo lilikuwa la walowezi. Waliokubali kupanda walitenga sehemu ya shamba la chakula kwa mti ambao ungewachukua miaka kadhaa kabla ya kutoa mavuno ya maana, tena kwa soko ambalo hawakulijua. Hiyo ilikuwa hatari kubwa. Baadaye wakulima waliungana katika vyama vya ushirika, wakaweza kumenya, kuosha na kukausha kahawa pamoja. Vivyo hivyo kwa chai: kiwanda kama cha Rukuriri kinaonyesha kwamba mkulima mdogo, akiungana na wenzake, anaweza kumiliki hisa katika kiwanda na si shamba pekee.

Mti wa makadamia nao una somo lake. Asili yake ni Australia, na uliletwa Kenya katika miaka ya 1940. Kwa muda mrefu haukuwa na faida kubwa kwa mkulima mdogo, kwa kuwa ganda lake ni gumu mno na hakukuwa na wa kununua. Mambo yalibadilika pale watu walipothubutu kujenga viwanda vya kubangua. Kampuni ya Kenya Nut, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1974. Leo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazozalisha makadamia kwa wingi duniani, na Embu ni mojawapo ya kaunti zinazoilima sana. Mti ni uleule. Kilichogeuza bei ni mtu aliyeona haja ya mashine.

Lakini somo halijaisha. Mwaka 2023 bei ya makadamia shambani ilianguka vibaya, na wakulima wengi wakavunjika moyo. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo za soko la dunia, lakini moja iko mikononi mwa mkulima mwenyewe: kuvuna kabla ya kukomaa. Njugu changa ina mafuta machache na kiini chake husinyaa. Mnunuzi wa ng'ambo akikutana nayo mara moja, hushusha bei ya wote. Anayekubali kumuuzia broka njugu changa kwa sababu ya karo ya leo, anauza jina la Embu nzima pamoja nazo. Mwenye kungoja njugu ikomae na ianguke yenyewe, akaikausha kivulini na kuiuza pamoja na kikundi chake, ameanza ujasiriamali bila kununua mashine yoyote.

Somo jingine ni la kutegemea soko moja. Mwezi wa Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza kupiga marufuku muguka. Mjadala wa afya una mahali pake. Kwa upande wa biashara, tangazo hilo lilionyesha jambo lililo wazi: familia ambayo ada, chakula na matibabu yake vyote vinatoka kwenye zao moja linalouzwa eneo moja, inaweza kuamka asubuhi na kukuta mlango umefungwa.

Hesabu ya mkungu mmoja

Ukisimama kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, utaona ndizi, maparachichi, maembe na magunia ya makadamia yakipakiwa kwenye malori yakiwa ghafi. Siku chache baadaye, krispu za ndizi zilizokaangwa mbali hurudi na kuuzwa hapa hapa madukani. Tofauti ya bei kati ya ndizi iliyoondoka na krispu iliyorudi ni mshahara wa mtu fulani. Mtu huyo anaweza kuwa wa Runyenjes.

Anaweza, lakini ni lazima apige hesabu kwanza. Huu ni mfano tu, na kila mtu aweke bei za soko lake. Kijana ananunua mkungu mmoja kwa shilingi 400. Mafuta ya kukaangia yanamgharimu 350, makaa 100, pakiti na lebo 150, nauli 100. Jumla ni shilingi 1,100. Anapata pakiti 30 na kuziuza kwa shilingi 50 kila moja, yaani 1,500. Zinabaki shilingi 400, naye anafurahi kwamba amepata faida.

Je, amepata? Amefanya kazi tangu alfajiri hadi jioni. Kama siku hiyo angelima kibarua angelipwa shilingi 400, basi biashara yake haijapata faida yoyote. Amejilipa kibarua tu, tena bila kuhesabu sufuria inayochakaa na pakiti zilizovunjika.

Sasa atazame tena. Akikaanga mikungu miwili siku hiyohiyo, ndizi ni 800. Mafuta akinunua kwa jumla ni 650, makaa 150 kwa sababu jiko lilishawaka, pakiti 300, nauli ileile 100. Jumla ni 2,000. Pakiti 60 zinaleta 3,000. Zinabaki 1,000, na akijilipa 400 yake, biashara inabaki na 600. Hakuongeza mtaji mkubwa. Aliona tu ni gharama zipi haziongezeki maradufu. Jambo hilo halionekani kwa macho. Linaonekana kwenye daftari.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la kwanza si lazima liwe la kihasibu. Safu nne zinatosha: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki. Fedha za biashara zikae mbali na za nyumbani, hata kama ni kwa kutumia laini nyingine ya simu. Mwenye biashara ajiwekee mshahara, na akitaka unga au sukari dukani kwake alipe kama mteja mwingine.

Mlango wa kaunti na wa hazina

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka masoko, leseni za biashara, vyama vya ushirika, kilimo na vyuo vya ufundi vya vijiji chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo mkazi anayetaka kuanza biashara hahitaji kusafiri mbali kwa mambo mengi ya msingi. Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, na leseni hutolewa na kaunti. Anayetengeneza chakula anahitaji pia cheti cha afya, na bidhaa ya kufungashwa inahitaji alama ya ubora ya KEBS kabla ya duka kubwa kuipokea. Wengi huona hatua hizi kama kizuizi. Ukweli ni kwamba ndizo zinazomtoa mtu kwenye kuuza kando ya barabara na kumwingiza kwenye rafu.

Kuhusu mtaji, Hazina ya Hustler ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, na mkopo wa mtu binafsi huanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Hazina ya Uwezo, Hazina ya Vijana na ile ya Wanawake hukopesha pia kupitia vikundi. Vilevile, sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inataka angalau asilimia 30 ya zabuni za taasisi za umma zitengewe makundi yakiwemo vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Anayechukua zabuni ajipange, kwa kuwa malipo huweza kuchelewa, na mkopo wa riba ya kila siku hausubiri.

Mkopo ni kama mbolea. Ukiwekwa kwenye mmea uliokwisha kushika, huukuza. Ukiwekwa mahali pasipo mbegu, huotesha magugu. Anayekopa kabla ya kujua gharama ya pakiti moja amekopa deni tu.

Kazi ya boma

Biashara nyingi changa haziuawi na washindani. Huuliwa na jamaa. Mjomba anachukua bidhaa na kusema atalipa mwisho wa mwezi. Shangazi naye vivyo hivyo. Na kijana, kwa heshima, anashindwa kuwadai. Mzazi anayetaka kumsaidia mwanawe awe wa kwanza kulipa taslimu mbele ya wengine. Kama ana kona ya shamba au chumba kisichotumika, amwachie kwa mwaka mmoja, wakubaliane kwa maandishi, na asimwite mvivu kwa sababu hajaajiriwa.

Biashara ya kwanza ikianguka, isichekwe. Swali liwe moja: daftari linasema ilianguka wapi? Mwenye jibu ana nusu ya mtaji wa biashara ya pili.

Kabla ya siku ya soko ijayo, kila aliye hapa anaweza kufanya mambo matatu yasiyohitaji mkopo. Ahesabu vitu vitano vinavyotoka kijijini kwake vikiwa ghafi na kurudi vikiwa vimefungashwa. Awaulize wenye maduka watatu ni kipi kati ya hivyo huwaishia haraka. Kisha anunue daftari na kuandika gharama ya kutengeneza kimoja tu, akiweka ndani yake na ujira wake mwenyewe. Akiona hesabu inalipa, aje ofisi ya biashara ya kaunti akiwa na karatasi hiyo mkononi.