Kuwatunza na Kuwaenzi Viongozi wa Kujitolea katika Skauti

Skauti ni harakati ya vijana inayobebwa na watu wazima wasiolipwa mshahara. Ndivyo ilivyo tangu mwanzilishi wake, Baden-Powell, alipofanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Agosti 1907, na ndivyo ilivyo leo, vijana na viongozi wake duniani wakiwa zaidi ya milioni 50. Nchini Kenya, ambako skauti ilianza mwaka 1910, na Tanzania vilevile, makundi mengi yako shuleni, na viongozi wake wengi ni walimu. Mwalimu humaliza vipindi, husahihisha madaftari, kisha hubaki uwanjani na watoto hadi jua linapokuchwa. Akichoka akaacha, kwa kawaida hakuna wa kushika nafasi yake, na kundi husinyaa ndani ya muhula mmoja. Kwa hiyo suala la kuwatunza viongozi hawa ni suala la uhai wa skauti yenyewe.

Utunzaji huanza siku kiongozi anapopatikana. Desturi iliyozoeleka si nzuri: mwalimu kijana ameripoti juzi, na katika kikao cha walimu anatangazwa kuwa ndiye mlezi wa skauti kwa sababu ana nguvu na hana familia. Hakuulizwa. Mtu wa namna hiyo amepangiwa kazi. Hajajitolea, hata kama baadaye ataipenda. Tangu miaka ya 1990 Shirika la Skauti Duniani limehimiza utaratibu mwingine, ambao kiongozi huingia kwa makubaliano: kazi yake ni ipi, ataifanya kwa muda gani, atafundishwa nini, na nani atamsaidia akikwama. Muda ule ukiisha, pande mbili huketi na kuamua kama ataendelea, atahamia kazi nyingine ndani ya chama, au atapumzika. Makubaliano ya ukurasa mmoja yanatosha. Faida yake kubwa ni kwamba humpa mtu mlango wa kutokea kwa heshima, naye anayejua kuwa mlango upo haogopi kuingia.

Jambo linalowavunja moyo wengi, na ambalo vikao huliona dogo mno kulijadili, ni fedha za mfukoni. Nauli ya daladala au matatu, kamba za kufundishia mafundo, betri za tochi, vocha ya kuwapigia wazazi kabla ya safari: kila kimoja ni kidogo, lakini kwa mwaka mzima ni mzigo kwa mtu ambaye tayari ametoa Jumamosi zake. Kujitolea ni kutoa muda na ujuzi, na chama hakipaswi kukubali kugeuke kuwa ufadhili wa kimyakimya. Kila kundi linaweza kuwa na daftari la matumizi na fungu dogo kutoka kwa wazazi au shule, kiongozi akarejeshewa alichotumia kabla hajalazimika kukidai. Kurejesha gharama si sawa na kulipa posho. Posho ya warsha ina hatari yake: aghalabu huwavuta wenye vyeo kwenye mafunzo, na yule anayekesha na watoto hemani akabaki bila kuitwa.

Mafunzo nayo ni sehemu ya utunzaji, na pia ni heshima. Kozi ya kwanza ya Wood Badge, mafunzo ya viongozi wa skauti, ilifanyika Gilwell Park, Uingereza, Septemba 1919, na hadi leo anayehitimu huvaa shanga mbili za mti kwenye uzi wa ngozi, pamoja na skafu yenye kipande cha kitambaa cha mirabamiraba cha ukoo wa Maclaren. Kitambaa hicho kina maana yake. William de Bois Maclaren ndiye aliyetoa fedha za kununulia uwanja wa Gilwell, na chama kikamshukuru kwa kushona alama ya ukoo wake kwenye skafu ya kila kiongozi aliyehitimu. Ni shukrani iliyodumu zaidi ya karne, kwa sababu inataja tendo mahususi la mtu mahususi.

Umahususi huo ndio unaokosekana katika vyeti vingi. Cheti kinachosema "kwa mchango wake mkubwa", maneno yaleyale kwa watu thelathini, hakimwambii mtu kwamba alionekana. Cheti kinachotaja kwamba aliwafundisha skauti huduma ya kwanza hadi wakaweza kumhudumia mwenzao aliyeteguka mguu njiani, hicho hutundikwa ukutani. Nishani kubwa zina nafasi yake. Bronze Wolf, ambayo Baden-Powell alikuwa wa kwanza kutunukiwa mwaka 1935, ndiyo pekee inayotolewa na Kamati ya Skauti Duniani, na wanaoipata ni wachache sana. Kiongozi wa kundi la shule ya kata anahitaji kutambuliwa na walio karibu naye: kamishna wa wilaya anayemtembelea, akaketi na kutazama mazoezi hadi mwisho, kisha akamuuliza kinachomtatiza, na barua kwa mwajiri wake, inayoeleza alichofanya na kuingia kwenye jalada lake. Familia isisahaulike. Mume au mke aliyebaki na watoto kila mwisho wa juma amechangia, na anastahili kiti siku ya sherehe. Inasikitisha kuona mgeni rasmi akivishwa skafu jukwaani ilhali aliyewafundisha vijana kuivisha yuko nyuma ya hema akiwahesabu watoto wa kupanda basi.

Upweke huua makundi mengi kuliko ukata. Sera ya skauti ya ulinzi wa mtoto hutaka mtu mzima asiwe peke yake na mtoto, na kanuni hiyohiyo humwokoa kiongozi: kila kundi liwe na viongozi wawili au zaidi. Mmoja akipata uhamisho, akijifungua au akiugua, kundi huendelea. Wa pili si lazima awe mwalimu. Fundi, muuguzi au mzazi anafaa, ilimradi naye achunguzwe na kufundishwa. Nchini Kenya skauti wa rika la Jasiri, wenye miaka 18 na zaidi, ni hazina ya wasaidizi. Uchunguzi huo usilegezwe kwa ajili ya kumheshimu mtu: miaka mingi ya utumishi haimkingi yeyote dhidi ya malalamiko ya mtoto, na nishani isiharakishwe ili kuyafunika.

Anayeondoka aagwe vizuri. Makabidhiano yafanyike mbele ya skauti wenyewe: daftari la mahudhurio, kumbukumbu za beji, vifaa vya kambi na funguo za stoo vipite mkono kwa mkono, na vijana wapewe nafasi ya kusema walichojifunza kwake. Baada ya hapo jina lake libaki kwenye orodha ya wilaya, ili aitwe kufundisha viongozi wapya akiwa na nafasi, na kualikwa kila mwaka kundi linapoapisha skauti wapya.